Mama Alipotafuta Gauni Jeupe

Juma zima hili sijalala vizuri kwa sababu ya kicheko. Hata kicheko chenyewe hakikuwa kicheko, ilikuwa pumzi tu iliyotoka puani mwa Alimasi, mchumba wangu, Jumapili mchana tulipoketi mbele ya kamati ya kina mama wa kanisa letu hapa mjini Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Wachumba wote wanaotaka kufunga ndoa hupita pale kwanza. Mwenyekiti wao, ambaye watu wote humwita mama prezida, aliniangalia kuanzia nywele mpaka kandambili, akaniambia nikapime mimba dispansari kabla jina langu halijatangazwa, kisha akawageukia wenzake akasema, "Huyu tumuangalie muzuri. Kwabo habangojaka kanisa."

Wenzake wakacheka. "Kwabo" ni kwao, maana yake kwa mama yangu, kwamba huko hawangoji ndoa. Na mama yangu alikuwa nje ya ukuta ule ule, akifagia baraza la kanisa, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Nikamtazama Alimasi. Akatoa ile pumzi, akainamia simu yake.

Tangu siku hiyo nilikuwa najiuliza kama ni kitu kidogo au kikubwa. Mimi ni mtu wa kugeuza jambo mpaka linaoza mkononi. Nilipomaliza masomo ya gestion, yaani usimamizi wa biashara, kule Bukavu nilirudi nyumbani na diploma, nikaiweka juu ya kabati, na tangu hapo kazi yangu kubwa imekuwa kufikiri. Je, kuna mtu mwenye akili timamu anayevunja uchumba kwa sababu ya pumzi ya puani? Na kama hauvunji, je, utaishi nayo miaka mingapi? Jumamosi tulitakiwa kwenda kuchagua gauni. Shangazi zangu wamekwisha kupanga nani atabeba kiatu na nani atabeba mwavuli. Kila nikifumba macho nasikia harufu ya naftalini, ile inayotoka kwenye masanduku ya mama wanaokodisha magauni ya harusi, na harufu hiyo hainipeleki mbele kwenye harusi yangu. Inanirudisha nyuma kwenye ya mama.

Wenzangu wengi wa rika langu hapa wanajua tulivyoanza. Tulizaliwa ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, Tanzania. Wazazi wetu walikuwa wamevuka usiku wakiwa vijana, kila mmoja na mtumbwi wake na hofu yake, na wengi wao walikutana kule kwenye foleni ya maji. Baba na mama yangu walianza kukaa pamoja bila mahari na bila mchungaji. Mahari ingepokelewa na nani? Wajomba walikuwa wametawanyika, wengine Zambia, wengine porini, wengine chini ya udongo. Nikazaliwa mimi, akazaliwa mdogo wangu, kisha amani ikatangazwa na tukarudishwa kwa meli na mablanketi yetu. Baba akaanza useremala hapa Baraka. Mama akaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Kwa mtoto, hayo ndiyo maisha, na sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na kitu kilichopungua.

Basi jioni moja, tukiwa tunakula bugali na sombe, yaani kisamvu, baba alisema kama mtu anayetaja bei ya mbao, "Mama Sifa, tutafunga ndoa kanisani."

Mama aliacha tonge hewani. Kisha akasema polepole, "Ndoa ya kweli?"

"Iko ndoa ya uongo?"

"Na robe?" Alimaanisha gauni jeupe la harusi.

Baba akacheka. "We na bintu yako. Tafuta robe."

Mama hakula tena jioni ile. Alikaa akitabasamu kwenye mbabula, akichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Alikuwa bado msichana, sasa najua, hakunizidi mimi wa leo kwa miaka mingi. Lakini mimi nilipoteza hamu ya chakula kwa sababu nyingine kabisa.

Harusi niliyokuwa nimeiona kwa macho yangu ilikuwa moja tu, ya dada Neema wa jirani, aliyeolewa Kazimia. Alitoka kwao amevaa gauni jeupe. Godoro lake, masufuria yake na ndoo zake zilitangulia kwenye boti. Vijana wawili walimbeba wakampitisha majini ili gauni lisilowe, na mama yake alibaki ufukoni akilia huku amejishika kichwa. Boti likapiga motari, likawa doa, likaisha. Sikumwona tena dada Neema. Kwa hiyo niliposikia mama anatafuta gauni jeupe, nilielewa sawasawa: mama ataondoka. Gauni jeupe ndilo wanawake huvaa wanapoondoka na kutorudi. Kilichonitatiza ni kwa nini baba alionekana kufurahi.

Sikumuuliza mtu. Hata wakati ule nilikuwa hivi nilivyo sasa, naweka swali tumboni na kulilisha. Nikaanza kutafuta ushahidi, na mtu anayetafuta ushahidi haukosi. Mama alianza kunifundisha kusonga bugali. Mama alimwachisha mdogo wangu kulala naye kitanda kimoja, ingawa bado alikuwa akimnyonyesha. Mama alimpa jirani karai la zamani. Yote yalilingana. Nikaamua kuwa siendi mbali naye, na ndiyo sababu niliifahamu safari ile ya gauni mwanzo mpaka mwisho. Kila alikokwenda nilikwenda, nimeshika pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga.

Alikuwa hana siku maalumu ya kutafuta. Gauni lilitafutwa katikati ya mambo mengine. Tukitoka kuanika ndagala ufukoni, tunapita kwa mama mmoja. Tukienda kusaga muhogo, tunamwachia mwenye mashine mfuko wetu kwenye foleni, tunakimbia kwa mama mwingine. Mdogo wangu alikuwa mgongoni, mimi pembeni, na mikono ya mama ilinuka samaki.

Wa kwanza alikuwa mjane aliyekaa karibu na barabara ya kwenda Swima. Alikuwa na masanduku ya chuma chini ya kitanda, na alipofungua moja, harufu ya naftalini ilitoka ikatukamata kooni. Chini ya naftalini kulikuwa na harufu nyingine, poda na jasho la watu wengi. Magauni yalikuwa yamekunjwa kama maiti za ndege weupe. Kila moja lilikuwa na mstari wa kahawia kwenye pindo, vumbi la barabara zetu ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa. Mama alinyoosha mkono.

"Nawa kwanza, mama ya ndagala," mjane akasema.

Mama akanawa kwa sabuni mara mbili, akanusa viganja vyake, akanawa tena.

"Arusi iko wapi?" mjane akauliza, akimtafuta bibi harusi kwa macho.

"Arusi ni mimi."

Mjane akamtazama, akamtazama mdogo wangu mgongoni, akanitazama mimi. "Aha," akasema. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alimpa gauni moja ajaribu, akamshikia kioo. Mama aliingia ndani ya lile gauni kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mabega yalikubali, kiuno kilikubali, lakini zipu ilipofika mgongoni katikati ikagoma. Magauni yale yalishonwa kwa ajili ya wasichana. Mama alikuwa na maziwa.

"Vuta pumzi," mjane akasema.

"Nimevuta."

"Vuta na ya jana."

Walicheka wote wawili, mama mpaka akajishika ukuta. Na katika kucheka huko mdogo wangu akaamka akalia, na kifuani mwa mama yakatokea madoa mawili yaliyolowa, yakipanuka taratibu juu ya kitambaa cheupe. Kicheko kikakatika. Mjane alimvua gauni haraka, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Maziwa haitokake mu satin, mama," alisema, si kwa hasira. "Mi niko najuta, lakini siwezi kukupatia. Weye bado unanyonyesha."

Mimi nilikuwa nimesimama kando na moyo wangu ukapiga vigelegele. Gauni lilikuwa limemkataa. Nilimpenda mdogo wangu siku ile kuliko siku zote, nikampa mua wangu wote njiani.

Lakini mama hakuchoka. Wa pili alikuwa na gauni moja tu, na lilikuwa limeazimwa Fizi kwenye kilima, halijarudi. Wa tatu hakutaka hata kufungua sanduku. Alisimama mlangoni akauliza, "Mama, we uko na batoto, unatafuta nyeupe ya nini? Si mutabarikiwa tu na kikwembe?" Mama akamshukuru, tukaondoka. Njiani alitembea haraka mno, ikabidi nikimbie.

Wa mwisho alikuwa fundi cherehani mmoja aliyefahamiana na mama tangu kambini. Alikuwa na gauni alilolipata Bujumbura, la mikono mirefu, zito, na mgongoni alikuwa ametoa zipu akaweka matundu na kamba, kama zile za viatu, ili liweze kufungwa na mwembamba na mnene. "Hii robe imeolewa kuliko sisi bote," alisema fundi, akimkaza mama kamba huku goti lake likiwa limemsukuma mgongoni kama anafunga mzigo wa makaa. Kifuani akaweka vitambaa vya nepi vilivyokunjwa, vya kunywa maziwa. Kisha akamgeuza.

Sijawahi kumwona mama vile, wala sikumwona tena. Hakutabasamu. Alijiangalia kwenye kipande cha kioo kilichoegemezwa kwenye cherehani, ambacho hakikumtosha, kwa hiyo alijiangalia kwa sehemu, kifua kwanza, kisha akainama kuona uso, kisha akarudi nyuma kuona kiuno. Fundi akamwekea shela kichwani, ile nguo nyepesi ambayo kwetu watu husema voile, na mama akawa nyuma ya ukungu. Nilimwita. Aligeuka, na sikuuona uso wake. Nikaanza kulia kwa sauti.

"Huyu naye?" fundi akauliza.

"Ni furaha," mama akasema. "Anaona mama yake."

Gauni likaja nyumbani ndani ya shuka, likawekwa chini ya kitanda. Nililala juu yake siku zote hizo, nikilisikia kama mtu anavyomsikia nyoka ndani ya nyumba.

Jambo ambalo mama hakulijua, au alilijua akatumaini litapita, ni kwamba harusi haikuwa ya kwake peke yake. Kanisa lilikuwa limekusanya wenzi wengi waliorudi kutoka kambini, waliokuwa wanaishi pamoja bila ndoa, ili wabarikiwe Jumapili moja. Kina mama wote walitakiwa kuvaa kikwembe cha buluu cha aina moja. Nyeupe na shela ni za msichana ambaye hajaguswa. Mwenye mtoto hana haki nayo. Hiyo ndiyo sheria ya kanisa letu mpaka leo. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mimi nililielewa nikiwa mkubwa: baba alikuwa anataka kuwa shemasi. Alikuwa amewatengenezea mabenchi yote ya kanisa, anapenda kusali mbele ya watu, na wazee walikuwa wamemwambia wazi kwamba asiye na ndoa ya kanisa hashiki sahani ya sadaka. Baba hakuwa anaoa mke. Alikuwa anaoa ile sahani.

Siku chache kabla ya ibada, mama prezida alikuja kwetu na wenzake wawili. Wakati huo alikuwa bado na nguvu, mama mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuhesabu wengine. Baba alikuwa kwenye kivuli cha nyumba, anapiga randa mguu wa meza. Mama akawaletea viti. Wakaongea juu ya mvua, juu ya ndagala walivyoadimika, juu ya mtoto alivyokua. Kisha mama prezida akasema, "Mama Sifa, tulisikia uko na kitu mu nyumba. Tuletee tuone."

Mama akaingia ndani, akatoka na lile gauni juu ya mikono yake miwili, kama mtu anayeleta mtoto kubatizwa. Nafikiri hata dakika ile aliamini kwamba wakiliona watalipenda.

"Iko muzuri," mama prezida alisema akilishika shika. "Lakini hii ni ya babinti."

"Najua, mama."

"Kama unajua, sasa?"

"Mi nilikimbia masasi ya vita, mama. Sikukimbia kanisa." Mama alisema hivyo kwa sauti ndogo, lakini maneno yalitoka yamenyooka, nafikiri alikuwa ameyasema peke yake mara nyingi akianika ndagala. "Nilivuka na miaka kumi na sita. Mama yangu alibaki huku, baba yangu alibaki huku. Kambini hakukuwa mtu wa kunitoa. Kama vita haikukuja, ningeolewa na hii."

"Wote tulikimbia."

"Ndiyo, mama."

"Na wengine walikimbia wakangoja."

Hata mimi, mtoto, niliona kwamba wote walikuwa wamegeuka upande wa baba. Mama pia alikuwa amegeuka. Alikuwa na lile gauni mikononi, na alimwangalia baba kwa namna ambayo nilidhani anamwomba amsaidie kulibeba. Baba alipitisha randa mara moja, unyoya wa mbao ukajikunja ukaanguka. Akaupuliza ule mguu wa meza. Akasema, "Bamama banajua."

Kisha akaendelea kupiga randa.

Mama akalikunja gauni. Alilikunja vizuri, upande kwa upande, kama mtu anayefikiria lile gauni badala ya kujifikiria. Mama prezida akasali sala ndefu, wakaaga.

Kesho yake tulilirudisha kwa fundi. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu na beseni la ndagala kichwani, kwa hiyo gauni nililibeba mimi, limefungwa ndani ya shuka lile lile. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Mama hataondoka. Wale kina mama watatu walikuwa wamekuja kumzuia, na baba, kwa akili zake, alikuwa amekubaliana nao. Nilitembea mbele na mzigo wangu kichwani, nikaanza kuimba nyimbo za kwaya ya watoto, moja baada ya nyingine, na nilipoishiwa nyimbo nikatunga. Watu barabarani walicheka. Mwendesha pikipiki mmoja akapiga honi kufuata mdundo.

Niligeuka kuona kama mama naye anafurahi. Uso wake ulikuwa chini ya kivuli cha beseni.

"Niimbe tena?" nikamuuliza.

"Imba, mama," akaniambia. Akiwa na upendo mwingi huniita hivyo, mama. "Imba tu."

Nikaimba mpaka kwa fundi.

Jumapili ile walisimama mbele, kina mama wengi wa buluu na wanaume wao, wakaapa wote pamoja kama darasa linalosoma ubao. Mama alilia. Watu wa nyuma walisema ni furaha ya Bwana. Mimi nilipomwona analia niliingiwa na hofu upya, kwani dada Neema naye alilia, nikadhani labda boti linamsubiri hata bila gauni jeupe. Ibada ilipoisha nilimshika kikwembe kwa mikono miwili. Lakini hakwenda ufukoni. Alishika njia yetu ya kila siku, akaingia nyumba yetu ile ile, akavua viatu vya kuazima, akauliza nani ameacha chungu wazi nzi waingie. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shangazi alinipiga kofi akidhani nina wazimu. Katika harusi ile mimi peke yangu ndiye niliyefurahi kweli, na nilifurahi kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Baba akapata sahani yake. Ni shemasi mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeshaielewa siku ile. Nilikuwa na maelezo yangu mazuri ya mtu aliyesoma: mama alinyimwa shela, na mimi binti yake nitaivaa kwa niaba yake, kilichovunjika kitaungwa. Hata nilipokubali posa ya Alimasi, sehemu ya furaha yangu ilikuwa hiyo, picha ya mama akiniangalia nikiwa nyuma ya ule ukungu. Na tangu Jumapili nimekuwa nikipambana na picha hiyo. Nikiivaa shela kutoka mikononi mwa mama prezida, si nitakuwa nimesema alikuwa na haki? Nisipoivaa, mji mzima utasema nina mimba, na aibu itamrudia mama. Nimegeuza, nimepindua, nimelala nayo, nimeamka nayo.

Alhamisi nilimfuata ufukoni. Alikuwa anageuza ndagala kwenye wavu, ameinama, jua limemkaa mgongoni. Nikainama kando yake nikaanza kutoa takataka na samaki waliovunjika. Nikamwambia, "Mama, Jumapili ulisikia?"

"Niko na masikio."

"Hukusema kitu."

"Ningesema nini? Nilikuwa na fagio." Akageuza safu nzima kabla ya kuendelea. "Yule mama mi sinaye shida. Anaongeaka vile toka zamani. Mvua inanyesha, utaikasirikia?"

"Lakini ile siku alikunyima voile. Ulilia kanisani, mimi nilikuona."

Mama akanyooka, akajishika kiuno. Alinitazama kama anaangalia mtu ambaye amesoma mpaka mbali lakini akaruka ukurasa.

"Sifa, weye unafikiri nililia juu ya voile?"

Nikaacha takataka, nikamtazama.

"Voile ni nini? Chandarua. Ningeenda mbele na kikwembe ya kupikia, ningeenda na gunia. Nililia juu baba yako alinyamaza. Alikuwa pale. Angesema neno moja tu. Angesema, 'Muacheni, ni bibi yangu.' Hata kama wangekataa. Mi ningerudisha ile robe nikicheka." Akainama tena kwenye wavu. "Sasa nilisimama mbele nikaapa, na nilijua. Kabla sijaapa nilijua. Njo maana nililia."

"Ulijua nini?"

"Kwamba itakuwa vile siku zote. Na ilikuwa vile." Akarusha samaki mmoja mbovu kwa bata. "Ni mwanaume muzuri. Hanipigake, hakunywake. Lakini kila siku watu wakija juu yangu, anapiga randa."

Hakuniambia nifanye nini. Mama si mtu wa kuambia watu. Aliniomba nimpe gunia lingine, tukaendelea.

Jioni ile nilimkuta Alimasi nje ya ofisi ya shirika analofanyia kazi, anafuta pikipiki yake. Yeye ni kijana mwema, nataka niseme hilo. Alinisaidia kuandika barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa, na huwa hanikatizi ninapofikiri kwa sauti, jambo ambalo ni watu wachache wanaliweza. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, nikaisahau yote.

"Jumapili," nilisema, "mama prezida alipomsema mama yangu, ulicheka."

"Mi? Sikucheka."

"Ulitoa pumzi."

Alicheka sasa, kweli. "Sifa. Pumzi? Ulitaka nisipumue?"

"Nilitaka useme kitu."

"Ni bamama ba kanisa. Bako vile. Wanaongea, tunawaitikia, tunapata ndoa, tunaenda zetu."

"Basi twende kesho, wewe na mimi. Umwambie tu, kwa heshima, kwamba mama yangu asisemwe vile mbele yako. Neno moja. Sitaki aombe msamaha."

Aliacha kufuta pikipiki. Niliona anafikiri, na nilimpa muda. Nilimpa muda mwingi kuliko niliowahi kumpa mtu yeyote, kwa sababu ninajua kufikiri ni kazi. Alitazama barabarani, akatazama kitambaa mkononi.

"Na akikasirika akatuzuilia tangazo?" akasema. "Tuoane kwanza. Tukishaoana, nitasema."

Alisema hivyo kwa upole, akanigusa bega. Nilimwambia asante. Nilimwambia pia kwamba sidhani kama tutaoana, na kwamba nitakwenda mwenyewe kanisani, ili asilisikie kwa watu. Alinitazama kama anangoja nicheke. Sikucheka, na yeye akarudi kufuta pikipiki, nikaondoka.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisini kwa mchungaji. Mkewe alikuwa anamwagilia mchicha, akanikaribisha, akaniuliza kama nimeshapata gauni. Nikasema bado. Mchungaji alikuwa amekaa na miwani yake kwenye paji la uso, akanisogezea kiti kwa mguu.

"Binti yangu, karibu. Jumapili tunawatangaza."

"Nimekuja kuomba msitutangaze, Mchungaji."

Akashusha miwani. "Mahari imeleta shida?"

"Hapana."

"Uko na mimba?"

"Hapana."

"Alimasi amekupiga? Iko na bibi mwingine?"

"Hapana, Mchungaji."

"Amekuambia maneno mabaya?"

"Hajasema kitu."

Mchungaji akafungua mikono yake juu ya meza. "Sasa, mutoto wangu, kama hajasema kitu, shida iko wapi?"

"Iko hapo," nikamwambia.

Nilingoja mpaka akafuta majina yetu kwenye daftari la matangazo, kisha nikasimama nikaenda ufukoni kumsaidia mama kuanua.